Kazi Yetu Ilikuwa Kubeba Viti

Kawira,

Nakuandikia nikiwa kwenye kitanda chako, kile cha karibu na dirisha, hapa Kangeta kwa mama yako. Kabla ya habari yoyote ya maana, jua kwamba bado kinalia mtu akijigeuza. Ulisema utakipigilia msumari ukifunga chuo. Sasa nani atakipigilia? Mimi na nyundo, hunijui?

Nilikuja kuwajulia hali, na dada yako Kendi amejifungua tena. Ni mvulana, kwa hivyo hajaitwa jina lako, usinune. Ameitwa jina la upande wa baba, kama kawaida ya kwenu. Ana kichwa kikubwa na hasira za bure, na kila mtu anasema amekufuata wewe. Lakini si mtoto aliyenifanya nichukue kalamu. Ni mtungi, na nitakufikisha huko, nivumilie.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwaka wa tatu, darasa la afya ya jamii, Mwalimu Gitonga alipotuambia kila kundi lichukue kile lilichosoma likakitumie kuhudumia watu, na kwamba angekuja mwenyewe kutazama na kutoa alama. Wenzetu walichagua vya karibu. Kundi moja lilienda kufundisha watoto kunawa mikono shule za Kaaga, lingine likaokota takataka karibu na uwanja wa Kinoru, na saa ya chakula walikuwa wamerudi bwenini. Wewe ukasema Kangeta. Nikanung'unika kuhusu safari, kuhusu mvua, kuhusu viatu vyangu. Ulinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha ukanisimulia siku Kendi alipojifungua mtoto wa kwanza.

Zahanati ya kwenu ilikuwa na kitanda, muuguzi na mlango mzuri wa bluu. Maji haikuwa nayo. Mama mjamzito alienda na maji yake. Kendi alikuwa akishika ua la kila boma uchungu ukimjia, na wewe nyuma na mtungi wa njano mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kifuniko kilikuwa kimepotea, ukaziba kwa jani la mgomba. Mlifika maji yamebaki nusu, mgongo wako umelowa. Muuguzi, ambaye hukumsema vibaya hata siku moja, aliutazama mtungi akauliza kama hayo ndiyo yote. Kisha akayagawa: ya mama, ya mtoto, ya mikono yake.

Mimi ni mtu wa Siakago. Ukame nimezaliwa nao, hauniogopeshi. Lakini Kangeta ni kijani hadi mgeni anaona wivu, mvua inawanyeshea mpaka mnailalamikia, halafu mahali pa kuzalia ndipo pakavu. Siku iliyofuata nilinunua viatu vya mpira.

Ulikuwa umeshajua tatizo lilikokaa. Kila mwaka ofisi ya wadi iliita wananchi watoe maoni kuhusu kazi za kufanywa, na kila mwaka maji ya zahanati hayakutajwa na mtu. Mkutano uliitwa asubuhi. Na asubuhi ya Kangeta ni ya kuchuma miraa, nani hajui? Wanaume wako juu ya miti tangu umande, wanawake wako sokoni na majani ya migomba ya kufungia, kila mtu anakimbizana na magari ya mzigo yasimwache. Waliohudhuria walikuwa wale wasio na shamba la kuchuma, na wenye haja zao. Ofisi ikaandika kwamba wananchi wameridhika.

Mimi nilitaka tuandae hotuba. Tulikuwa tumesoma, tulikuwa na picha na michoro. Ukacheka. Ulisema, "Wanja, usiwasemee. Wana midomo. Sisi tubebe viti tu."

Halafu ukaenda. Jumatatu kichwa kilikuuma tukadhani ni mtihani. Ijumaa hukuwepo. Walituambia ni homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao tulikuwa tumeusoma muhula huohuo, mimi na wewe, kwenye kitabu kimoja. Nilikasirika, Kawira. Nakuambia ukweli, nilikukasirikia hata wewe. Tulikuzika hapo chini, mwisho wa shamba la miraa la baba yako, na darasa zima lilikuja na sare, na sikuweza kuimba.

Mwalimu Gitonga alinipa ruhusa niingie kundi lingine. Wale wa kunawa mikono walikuwa tayari kunipokea. Nilikataa, na sikuwa na sababu nzuri, ila nilikuwa na viatu vya mpira.

Tangazo la mkutano likatoka: saa tatu asubuhi, kama kawaida. Nikaenda ofisini. Msimamizi wa wadi alikuwa mgeni, mtu wa mbali, mpole, shati limepigwa pasi. Aliniambia kwamba nafasi hutolewa, watu ndio hawaji. Sikubishana naye. Nilimwomba tu, kwa heshima, anisindikize sokoni kesho yake saa tatu ileile tuwaalike kwa mdomo. Alikuja. Kawira, ungeona. Hakupata pa kusimama. Alisukumwa na mwenye gunia, akaambiwa apishe na dereva, akajaribu kumsalimia mama mmoja na huyo mama akamwambia anunue majani au aondoke. Mama huyo alikuwa mama yako. Msimamizi alirudi ofisini na tope kwenye suruali, akasogeza mkutano hadi saa tisa alasiri.

Viti tuliazima kanisani. Nilivibeba na wenzetu wawili wa darasa, vile vyeupe vya plastiki, tukipanda na kushuka ile njia yenu ya utelezi hadi uwanja wa ofisi ya wadi. Saa tisa vilijaa, na wengine wakaketi kwenye nyasi. Wanaume walikuja na mashavu yamejaa miraa. Wanawake walikuja na vidole vyeusi vya utomvu wa migomba. Na Mwalimu Gitonga alikuja kutoka mjini, akaketi pembeni na karatasi yake ya alama.

Barabara ikatajwa. Taa za soko zikatajwa. Kila aliyesema alikuwa mwanamume. Msimamizi akauliza kama kuna lingine. Akauliza tena. Wanawake walitazama mikono yao. Nilikuwa na zile picha kwenye mkoba, Kawira, nilizibeba licha ya maneno yako. Mwalimu alinitazama, akainua nyusi, maana yake simama binti, huu ndio wakati wako. Msimamizi akaanza kufunika kalamu. Nilijua hili likipita leo, ni mwaka mwingine wa mitungi, na pengine mwanafunzi wa kulifuata hatakuwepo. Kinywa changu kilikuwa wazi kabisa.

Nikakukumbuka. Nikakifunga. Nikainuka, nikachukua kiti changu mwenyewe, nikakipeleka mbele, mahali ambapo mama yako alikuwa ameketi chini.

Unajua mama yako tangu mazishi hakuwa mtu wa kusema. Alikiangalia kile kiti. Hakukikalia, alikishika tu mgongo, akasimama. Akaacha Kimeru, akasema Kiswahili, ili msimamizi asikie bila mkalimani.

"Mimi Kiswahili yangu ni ya soko, utanisamehea," alisema. "Nimezaa watoto kwa hiyo zahanati na maji nimebeba mimi mwenyewe. Msichana wangu amezaa hapo, maji amebeba dada yake. Huyo dada yake nimezika. Sasa mwingine akizaa, nani atabeba? Andika maji. Mimi nitasimama hapa mpaka nione umeandika."

Akasimama. Mama mwingine akainuka, kisha mwingine, kisha nyasi zote zikawa zimesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume waliacha kutafuna. Msimamizi alifunua kalamu akaandika, na mama yako akasogea, akainama, akatazama mpaka alipohakikisha, ndipo akaketi kwenye kiti.

Tulipovirudisha viti, mimi nilijificha nyuma ya ukuta wa kanisa nikalia vile sikulia siku ya kukuzika. Baadaye Mwalimu aliniuliza mbona sikuwasilisha kazi yangu. Nilimwambia kwamba ameiona. Alitafakari hilo njia yote hadi mjini, na alama alizonipa sizitaji hapa, utavimba kichwa huko uliko.

Haikuwa haraka. Mvua zikaja zikaenda, nikadhani wametudanganya. Mama yako na wale wenzake wa majani waligeuka wasumbufu wa ofisi, walipita kila wakitoka sokoni kuuliza, bila ukali, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Mwishowe mtaro ukachimbwa, bomba likaletwa, tangi likainuliwa kando ya ule mlango wa bluu. Mimi nikahitimu. Nilivaa joho nikatafuta uso wako kwenye umati, upuuzi mtupu.

Na sasa mtungi. Uchungu ulipomshika Kendi, nilikuwa hapa nimekuja kuwajulia hali. Tulipotoka mlangoni nikamwona mama yako ameubeba, ule wa njano, umejaa, jani la mgomba mdomoni kama ulivyoliweka wewe. Nikamwambia, Mama, kule kuna bomba siku hizi. Akasema anajua, alikuwepo likifunguliwa. Lakini hakuutua. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Tulitembea hivyo, Kendi akishika nyua za watu, mama na kamba kwenye paji la uso.

Muuguzi ni yuleyule. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, yakapiga karai kelele. Mtoto alioshwa mara mbili, ya pili kwa raha tu. Mama yako alisimama kando na mtungi wake, bado umejaa.

Tulipokuwa tukirudi nilidhani ataumwaga njiani. Hakuumwaga. Alipita mlango wa nyumba, akashuka hadi mwisho wa shamba, nami nyuma yake. Kuna maua meupe amepanda pale ulipo. Alitoa lile jani, akainamisha mtungi, akayamwaga yote taratibu, mpaka tone la mwisho. Akasema, "Kawira, haya ni yako. Kule zahanati hayahitajiki tena."

Rafiki yangu, kesho narudi kwetu. Nimepata kazi kwenye kituo cha afya karibu na Siakago, na nimesikia mikutano yao huitwa siku ya mnada wa mbuzi, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili atahudhuria. Nimeshauliza kanisa gani lina viti.

Kitanda nitakipigilia msumari asubuhi, kabla sijaondoka. Lala salama.

Wako,
Wanja