Meza Haiondoki Mlangoni

Huế, Juni 1997

Mdogo wangu Khải,

Sisi wazima, na paa tumeshaliziba. Barua yako nimeisoma. Eti mwaka huu nisiandae mlangoni meza ya wafu wa vita wasio na ndugu, moshi wa udi utawafukuza wasafiri wanaolala kwetu! Nikaandaa kubwa zaidi: uji, wali, chumvi, ndizi.

Udi haujaisha kuwaka, akatokea kijana wa kizungu, begi mgongoni, jasho linamtiririka. Akamenya ndizi, akala.

Bi Lụa wa nyumba ya pili akapiga kelele: "We! Hicho chakula cha wafu!"

"Mwache ale, jirani," nikamwambia. "Katoka mbali, ana njaa, na hapa hana ndugu. Kwani meza nimemwekea nani?" Nikamwongezea uji.

Sasa nisikilize. Miaka ishirini na tisa hatujui kaka yetu Tuyên aliangukia wapi vitani. Huko aliko anakula kwa nani? Mimi namtegemea mwanamke fulani nisiyemjua, mkaidi, aliyekataa kumsikiliza mdogo wake.

Dada yako asiyesikia la mtu,
Thục