Mpini Uliotoka Paani

Suna, Migori
3 Februari 2025

Shemeji Nashon,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako Rispa na watoto. Sisi wazima, ila biashara ya mahindi mwaka huu inanitoa jasho. Na wewe? Masikio bado yamegoma? Ningekupigia simu, lakini kuongea na wewe kwa simu ni sawa na kuongea na nyundo yako.

Nimekupatia kazi. Jirani yetu Caleb alikiona kile kisu ulichonitengenezea Krismasi, akakitamani mpaka akakosa adabu. Anataka kama hicho, ila kirefu zaidi. Shingoni uweke pete za shaba, ya njano na nyekundu, zikipishana. Mpini uufanye kwa mti niliofunga humu kwenye kifurushi. Anasema ulikuwa juu ya paa la nyumba ya zamani ya kwao. Sharti lake ni moja tu: usiikwangue ile rangi ya moshi.

Sielewi kwa nini mtu aache mbao zote za Migori ang'ang'anie kijiti cha paa. Nyinyi Wajaluo mna mambo.

Shemeji yako,
Nchagwa


Oyugis
17 Februari 2025

Shemeji Nchagwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Hapa Oyugis tunasukuma siku. Masikio ndiyo yamekwisha kabisa, kwa hiyo wewe andika tu, kondakta wa gari la Migori ananifahamu.

Kisu hicho. Bapa lake ni springi ya lori, nimelipasha moto mara tatu na kulizamisha kwenye mafuta. Pete za njano nimezikata kwenye koki kuukuu, nyekundu nimeyeyusha waya wa stima. Lakini mti ndio ulionipa kazi. Nusu umepaushwa na jua na mvua, nusu ni mweusi wa moshi, na mgumu kama jiwe. Sikuukwangua.

Wewe hujui, ndiyo maana hukuniambia. Hicho si kijiti. Kwetu kinaitwa osuri. Husimama kileleni mwa paa la mwenye boma, na hakishushwi mwenyewe akiwa hai. Akifa ndipo kinaondolewa. Kwa hiyo nimeelewa kwamba Caleb amefiwa na baba yake, na anataka kubaki na kitu cha mzee mkononi. Imenigusa sana. Mpe kisu pamoja na pole zangu.

Nimegonga alama yangu karibu na shingo, kama kawaida.

Shemeji yako,
Nashon


Suna, Migori
20 Februari 2025

Shemeji,

Salamu tena. Natumaini u mzima, maana sisi huku umetuchanganya. Msiba gani? Mzee Boaz, baba yake Caleb, yuko hai na ana meno kunishinda. Juzi tu nilimkuta akifukuza ng'ombe wa watu kwenye shamba lake la kando ya barabara, lile ambalo Caleb anataka liuzwe na mzee amekataa katakata.

Aibu ni kwamba Caleb alikuwa kibandani kwangu nilipofungua kifurushi. Nikaisoma barua yako kwa sauti kabla sijajua inaelekea wapi. Nikamwomba radhi, nikasema shemeji yangu amekosea. Yeye alikuwa akiupapasa mpini kwa kidole gumba. "Mwambie huyo fundi asante," akasema. "Hajakosea. Amewahi tu."

Mimi nilicheka. Rispa nilipomwambia hakucheka. Anataka niende kwa mzee leo hii. Nimemwambia nitaenda Jumapili. Mtu haamki tu akaenda kumshtaki mtoto kwa baba yake kwa sababu ya kijiti.

Shemeji yako,
Nchagwa


Oyugis
21 Februari 2025

Shemeji,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Nimemwomba jirani yangu Dorah akupigie, simu yenu imezimwa.

Usingoje Jumapili. Mtu anayeshusha osuri ya baba yake aliye hai ameshamzika moyoni. Nenda kwa Mzee Boaz mwenyewe, si kwa Caleb. Umwambie atazame juu ya paa lake. Na kisu unirudishie, sema fundi alisahau kukipaka nta, sema lolote.

Nimetengeneza visu miaka thelathini, vya bucha, vya miwa, hata vya harusi. Hiki nakiogopa.

Shemeji yako,
Nashon


Suna, Migori
10 Machi 2025

Shemeji mpendwa,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kwa kimya. Barua yako ilinikuta nikipanda gari la Isebania kufuata mahindi. Nilijiambia nitarudi kabla ya Jumapili, lori likaharibika, nikakwama huko wiki mbili. Rispa alikwenda kwa mzee mara moja, Caleb akamfukuza langoni.

Ila tulia sasa. Caleb amenipa kisu bila ugomvi, ndicho hiki humu. Anasema pete zimelegea, uzikaze. "Nimekitumia mara moja tu," alisema. Atakuja Oyugis kukichukua mwenyewe Alhamisi.

Mzee sikumkuta. Nyumba yake ya zamani imepigwa mabati mapya na mlangoni kuna kufuli. Caleb anasema mzee yuko Homa Bay kwa binti yake Joyline, analala huko mpaka Pasaka. Umetutisha bure, shemeji. Rispa bado yuko sokoni, naandika haraka gari lisiniache.

Shemeji yako,
Nchagwa


Homa Bay
12 Machi 2025

Shemeji,

Mwambie Rispa ulichoniandikia, kwamba mzee analala kwa Joyline, uone uso wake. Mzee wa Kijaluo halali kwa binti yake aliyeolewa. Hata inyeshe mvua ya mawe, atarudi kwake. Caleb alikuambia hayo wewe Mkuria. Mimi asingethubutu.

Na pete zangu hazilegezwi na nyama. Zinalegea kisu kikigonga mfupa kwa nguvu. Nilizitoa. Kati ya ile ya njano na ile nyekundu, pale ambapo maji na kitambaa havifiki, nimekuta damu iliyokauka na unywele mmoja mweupe. Nimefuga mbuzi maisha yangu yote, najua unyoya wa mbuzi; huu si wa mbuzi.

Chukua wazee na askari mkavunje kufuli hilo leo. Caleb akija kesho hatanikuta, wala hatakikuta kisu. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi, na Joyline amekaa kando yangu.

Nilimpata sokoni akipima samaki wa omena. Baba yake hajafika kwake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia polepole, lakini kisu nilikifunga kwa gazeti na gazeti likachanika upande wa mpini. Aliutazama ule weusi wa moshi. Amekulia chini yake.

"Hii ni osuri ya baba," akasema, nami nikamsoma midomo. "Fundi, ni nani alikuambia baba amekufa?"

Hata sasa ananiuliza. Na alama iliyo kwenye kisu, shemeji, ni yangu.

Shemeji yako,
Nashon