Usifute Barua ya Fundimakochi Halisi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kompyuta namba nne ya maktaba ya mtaa, ile ya dirishani, ambayo herufi yake ya M haibonyei mpaka uibembeleze. Hujambo huko uliko? Bega limezoea kubeba vyuma vya kupimia ardhi, au bado unalalia upande mmoja? Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwacha na anakusalimu sana. Mimi ni mzima, ila moyo unanienda mbio kama cherehani iliyoachiwa pedali.

Kwanza nina ombi. Leo imekufikia barua pepe nyingine, kutoka kwa mtu anayejiita fundimakochi.halisi. Tafadhali usiifungue kabla hujamaliza hii yangu. Na ukishaifungua usiifute, hata ukiona ukurasa mweupe. Si tangazo la biashara. Ni Baba.

Ndiyo, dada, Baba! Baba yule yule ambaye Mama akimpelekea simu yako anasema mikono yake ina gundi. Ameandika kwa kidole chake mwenyewe. Hata mimi niliyekuwepo siamini.

Ilianza miezi miwili iliyopita, alipokuja hapa kupima viti vya maktaba vinavyotaka kuvalishwa upya. Akaona tangazo mlangoni kwamba mkutubi atawafundisha barua pepe, kila Jumamosi asubuhi, watu wazima wasiowahi kugusa kompyuta. Jioni akaniuliza kama ndizo hizo ninazokuandikia kwa niaba yake. Nikasema ndizo. Akauliza mtu mwenye kichwa kigumu huchukua muda gani kujifunza. Nilidhani anatania. Jumamosi akavaa shati lake la kola ngumu, akaniambia nimsindikize, eti maneno ya kompyuta yako kwa lugha yetu ya shuleni na yeye hataki kuuzwa akiona.

Laiti ungekuwepo! Alikaa na dereva wa lori aliyestaafu, na tangu siku hiyo hawaachani kwa kutaniana. Baba akashika kipanya kama nyundo. Dereva akamwambia hilo si kochi fundi, usiligonge. Baba akamjibu naye aache kukanyagakanyaga chini ya meza, huko hakuna breki. Mkutubi akawatenganisha kama watoto wa darasa la kwanza.

Unajua akizama kwenye kazi hubana misumari midogo midomoni. Siku ya kwanza tu mkutubi akamkuta na mitatu, akamwamuru aitoe, maktaba si karakana. Basi tukafika kwenye neno la siri. Baba hawezi kuandika bila kutamka, kwa hiyo kila herufi aliyobonyeza aliitaja, na alipomaliza darasa zima lilijua neno lake la siri ni kitichamiguumitatu. Watu walicheka mpaka aliyekuwa anasoma gazeti kule nyuma akakunja gazeti. Akaambiwa atafute jingine. Na safari hiyo, dada, mkutubi mwenyewe akamrudishia misumari yake na kumwomba aibane vizuri mdomoni.

Anwani nayo ilikuwa vita. Alitaka fundimakochi, kompyuta ikamjibu kwamba jina hilo lina mwenyewe. Akauliza huyo fundi ni nani na karakana yake iko wapi. Hakukubali kuendelea mpaka ikaongezwa hiyo “halisi”.

Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria vitufe, nami kwa aibu yangu nilikuwa namnong'oneza sikioni. Lakini maneno yangu hakuyataka, alijipa yake. Barua zinapoingilia anapaita barazani. Rasimu ni meza ya kukatia. Zilizokwisha kutumwa ni mali iliyochukuliwa na mteja, haina kurudi. Nyumbani nilimchorea kibodi kwenye kipande cha boksi, akawa anakifanyia mazoezi mchana, kikiwa juu ya sponji. Mama anasema juzi mteja alisubiri robo saa, Baba anatafuta herufi Z.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kila mwanafunzi kutuma barua ya kweli. Baba akakinga skrini kwa kiganja na kuniambia niende nikahesabu vitabu. Nilihesabu rafu mbili nzima. Saa moja na zaidi alikuwa pale, jasho linamtoka, misumari mdomoni. Ghafla nikasikia kelele. Amebonyeza! Alisimama na mikono juu kama amefunga bao, dereva akampigia honi kwa mdomo, na mkutubi, anayetunyamazisha kila siku, akapiga makofi.

Kisha mkutubi akaiangalia ile barua iliyoondoka, akaziba mdomo. Baba ameandika barua yote kwenye ule mstari mwembamba wa juu, mahali pa kutaja tu barua inahusu nini. Chini hakuna hata nukta. Alipoulizwa, akasema aliona nafasi ni finyu, akayashindilia maneno kama sponji kwenye mto. Lile eneo kubwa jeupe alidhani ni la mwenye kujibu. Mkutubi akataka waiandike upya, Baba akagoma. Mali ya mteja imeshatoka. Kwa hiyo usitafute chini, dada. Soma pale juu, uuvute mstari mpaka mwisho wake.

Sasa nifike ninapopaogopa. Kwa mdomo nisingeweza, unanijua.

Barua za Baba ulizozipokea miaka hii mitatu ni za kwangu. Alichokuwa ananituma ni mambo ya karakana tu. Kwamba mashine imepata mkanda mpya, kwamba bei ya kitambaa imepanda, basi, funga. “Mwanangu nakukumbuka” niliongeza mimi. “Nyumba imepwaya bila wewe” ni mimi pia, tena nilijisifu sana kwa hiyo. Na za kwako nilizivuruga hivyo hivyo. Uliponiambia nimweleze kwamba hujasahau alichokuambia siku ile unaondoka kwenda kusomea upimaji, kwamba ukivuka kizingiti usimtafute tena, nilimwambia unamsalimu sana. Alipojichoma sindano ya makochi kwenye kidole ulijibu neno moja, “Sawa.” Nikamsomea pole ya aya nzima. Akaniomba nirudie, nikarudia, na mara ya pili nikaongeza chumvi. Kwa hiyo ukiona anakushukuru kwa pole, usishangae. Ilitoka kwangu.

Nisamehe. Nilidhani nawashona pande mbili za kitambaa kimoja. Lakini kila Jumamosi nilikuwa nafurahi na kuogopa kwa pamoja, maana nilikuwa namfundisha mtu kufungua sanduku nilimoficha wizi wangu.

Leo, tulipotoka nje, nilimshika mkono wa shati ngazini nikamwambia yote. Nilitazama viatu vyake muda wote. Nilisubiri radi. Baba akacheka, dada! Akasema alijua tangu barua ya pili, kwa sababu nilimsomea eti umemwita “mzazi wangu kipenzi”, na wewe tangu uanze kusema humwiti hivyo, unamwita Fundi kama wateja. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba maneno yalikuwa matamu, na mtu mwenye kosa hakatai utamu hata akijua si wake. Ila haushibishi. Sasa anataka ya kwako mwenyewe, hata yakiwa na miiba, na ndiyo maana akaja kukaa darasani na dereva asiye na adabu. Kuhusu yale aliyokuambia kizingitini, alisema hilo ameliandika yeye, si kazi ya karani.

Akakaa ngazini. Nami nikarudi ndani peke yangu, bila kutumwa, nikamwomba mkutubi nusu saa ya kompyuta. Kwa sauti, akanisikia mara ya kwanza tu.

Barua yake sikuisoma. Mkutubi alipoifungua niliwahi kuona maneno mawili ya mwanzo, nikageuza uso. Yalikuwa “Fundi Mdogo”. Hilo jina lako la karakanani hajalitamka tangu uondoke, na mimi, pamoja na uongo wangu wote, sikuwahi kuthubutu kulitia kwenye barua. Hilo ni lake.

Mjibu yeye, dada, usipitie kwangu. Mjibu hata kwa ukali. Amekuachia nafasi kubwa.

Wasalimie wenzako mnaopima nao. Mama anauliza kama ile sweta inakutosha. Nakomea hapa kwa sababu Baba amechungulia dirishani mara ya tatu, anataka kujua kama umeshajibu. Nimemwambia hata nusu saa haijaisha. Anasema atasubiri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyekuwa karani,

Kimya