Semeni Amerithi Kwetu Pia

Kwedizinga, Handeni
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Abdi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, wewe na shemeji Mwanaidi, na kwamba ule mguu uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Huku tunaendelea. Mama hajambo, mahindi ya bondeni yamebeba vizuri, na nguruwe pori mwaka huu wametuhurumia.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikimtaja tu mke wangu Zahabu, unasema amenikalia kichwani, kisha unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka mwanangu wa kwanza, Mhina, alivyotutoka. Ni mafua yaleyale yaliyompitia kila mtoto wa hapa. Wenzake walirudi kucheza, yeye akashindwa kupumua. Wakati wa mvua za mwaka jana mafua yakaja tena. Mama alipiga chafya, mimi nilikohoa huku nalima, lakini mdogo wake Mhina, Semeni, alilazwa Tanga kwenye oksijeni. Mungu akatubakizia.

Tuliporudi, mama alisema mbele ya majirani waliokuja kutupa pole kwamba tumbo la Zahabu linazaa watoto wa kufa. Wewe ukapiga simu kumuunga mkono, ukataka nimrudishe kwao. Hakungoja kurudishwa. Alimfunga Semeni mgongoni akaenda kwa baba yake Kabuku.

Kule hospitali walikuwa wametutoa damu sote watatu, ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yametoka mwezi uliopita. Daktari alinieleza taratibu, nami nakueleza vilevile. Mwilini tuna chembe za urithi, na mojawapo kazi yake ni kuuamsha mwili upigane kirusi kinapoingia. Kila mtu huzaliwa nayo mara mbili, ya mama na ya baba. Zahabu ana moja mbovu na moja nzima. Mimi pia, kaka. Ile nzima inatutosha, ndiyo maana mafua kwetu ni mafua tu. Semeni amepata mbovu zote mbili. Mhina hakupimwa, lakini daktari anadhani naye ilikuwa hivyo.

Na hiyo yangu sikuiokota porini. Nimeitoa kwa baba au kwa mama, na wewe huenda unayo.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza huku anachambua mboga, kisha akasema damu ya kwetu haina kasoro, madaktari wamekosea. Kesho yake nikarudia, akaniambia nisimletee tena maneno hayo. Nimechoka. Hata chanjo ya mafua, ambayo daktari anataka kila anayeishi na Semeni achanjwe kila mwaka, anasema yeye haimhusu kwa kuwa hajawahi kulazwa.

Juzi nilikwenda Kabuku. Semeni amenenepa, anakimbizana na kuku. Nilimpa Zahabu majibu nikidhani yatamtua mzigo. Akasema, "Miaka yote hii nalala nikijiuliza nilimpa nini Mhina. Leo umekuja kunifurahisha kwamba tulimpa wote wawili."

Nilipomwomba turudi nyumbani, alisema, "Mama yako alinitukana mbele za watu. Aje aniite yeye. Nikirudi kwa kuitwa na wewe, nitakaaje naye jiko moja?"

Hapo ndipo nilipokwama, na sioni kosa lake. Mama hanisikilizi mimi, anakusikiliza wewe mtoto wake wa kwanza. Ulikuwa na maneno mengi ya kumwondoa mke wangu wakati hujui kitu. Sasa unajua. Mpigie mama umweleze, na umwambie apande gari aende Kabuku. Baridi ya Julai inakuja na mafua yake, na daktari amesema Semeni akipata homa tu tusingoje, tumkimbize hospitali siku hiyohiyo. Siwezi kumkimbiza mtoto ambaye siishi naye.

Ukiona hili ni zito kwako, basi angalau usinipigie tena kuniambia nioe mwingine.

Shemeji Mwanaidi na wanao wote nawasalimu, na binamu Kassimu mkionana. Mungu awakinge na maradhi, na auguse moyo wako unaposoma haya.

Mdogo wako anayekupenda, pamoja na hasira zangu zote,
Sadala