Atakayeshika Usukani

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kaka yangu mpendwa Nicodemus,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Masika na wajukuu wote hapo Kihonda. Magoti ya wifi yanaendeleaje? Mara ya mwisho aliniambia anapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta. Mwambie asiache ile dawa ya kuchua hata akiona nafuu. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi imekwisha, na binti yetu Lerato na mumewe ni wazima.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati tumeongea kwa simu juzi tu. Nikikupigia, shemeji yako Sipho huwa amekaa pembeni yangu, na Kiswahili chake unakijua, hakuna neno linalompita. Ndiyo maana nitampa barua hii Bakiri, dereva wa lori mwenyeji wa Tanga anayepita huku kila mwezi. Ameniahidi atakukabidhi mkononi. Ukishaisoma mpe wifi, kisha iishie hapo.

Unakumbuka nilikwambia kwamba nimestaafu unesi pale kliniki ya Alexandra mwezi wa sita. Sipho aliacha kufundisha miaka sita iliyopita, na muda wote huo alikuwa ananisubiri mimi. Anachotaka ni gari la kuishi ndani, lenye kitanda, jiko na choo, tuvuke Zimbabwe na Zambia taratibu, tuingie Tunduma, tufike kwako. Nyuma tuvute pikipiki yake. Pikipiki haiachwi kwa hali yoyote. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha pikipiki alipokuwa kijana wa uhamishoni pale Mazimbu, na kabla hajafa anataka mpande tena milima ya Mgeta, kila mtu na yake.

Basi mwezi wa nane tukaanza kuzunguka kwenye yadi za magari. Fundi wetu, Emery, Mkongo mwenye gereji hapa Bertrams, alitusindikiza. La kwanza lilikuwa kubwa kama basi dogo, na Sipho alilipenda tangu mlangoni. Lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, bafu la kusimama wima, na meza ya watu wanne. Uzito wake unapita tani tatu na nusu, kwa hiyo linataka leseni ya magari mazito. Sipho anayo, mimi sina. La pili lilikuwa na jukwaa la chuma mgongoni la kupakia pikipiki, bila tela. Emery alitikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, "Hapana, mama. Pikipiki ikining'inia kule nyuma, mbele inakuwa nyepesi, usukani haushike muzuri." La tatu lilikuwa dogo, kama lile gari la kusambazia mikate, ila ndani wametengeneza kitanda na jiko la meko mawili. Linavuta tela ndogo ya pikipiki bila shida, na kwa leseni yangu ya kawaida linaruhusiwa.

Nikasema nataka hilo dogo. Nilitoa kila sababu isipokuwa ya kweli. Nikasema kubwa litanichosha kufagia, litakataliwa maegesho, litakunywa mafuta. Sipho alicheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mtaalamu wa magari.

Sababu yenyewe ni hii, kaka. Siku tulipolijaribu lile kubwa huko Randburg, Sipho akiwa kwenye usukani, tulipita robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshaingia barabarani kutoka kushoto. Nilipiga kelele, Sipho akakanyaga breki, na yule mama akaruka nyuma. Khanga yake ilifunguka, akamshika mtoto kwa mkono mmoja. Sipho alisema jua lilimpiga machoni. Jua lilikuwa nyuma yetu.

Mimi nimekuwa nesi miaka zaidi ya thelathini. Nilikuwa nimeshaona anavyogonga fremu za milango kwa bega, anavyomwaga chai pembeni ya kikombe, anavyogeuza kichwa kizima kumtafuta mtu aliyekaa karibu naye. Ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, katikati inabaki safi, kwa hiyo mtu anasoma gazeti vizuri na kuamini haumwi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kila nilipoligusia alisema anahitaji miwani mipya tu. Yule mama na mwanawe siwasahau. Hata nikiwa sokoni nawaona.

Tangu siku hiyo nikaanza kwenda kwa Emery asubuhi, nikimwambia Sipho naenda kwenye kikundi cha kushona. Emery alinipa gari lake na tela, akanifundisha kwenye uwanja mtupu ulio nyuma ya gereji. Kurudi nyuma na tela ni mateso. Ukizungusha usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Nawaza malori ya mpakani Chirundu, nawaza mteremko wa Kitonga, mimi ambaye miaka yote niliendesha kigari changu kutoka nyumbani hadi kliniki na kurudi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Leseni ya Sipho ilikuwa inaisha mwezi wa tisa, na huku ukienda kuibadilisha lazima upimwe macho. Yeye huenda kwa mpimaji mmoja anayemjua, anasoma herufi za mbele, fomu inasainiwa. Safari hii, kabla hajaenda, nilimpigia yule mpimaji simu. Nilijitambulisha kuwa ni nesi na ni mkewe, nikamwomba asimpime herufi tu, ampime na pembeni. Akampima. Hakusaini.

Sipho alirudi nyumbani akaniambia mashine iliharibika. Wiki mbili nzima tulikaa hivyo, yeye ananificha kwamba amenyimwa, mimi namficha kwamba ndiye niliyemnyima, na kila jioni tunazungumzia gari. Lerato aliniambia kwa Kiingereza chake nimwambie baba yake ukweli, basi. Nikawa naahirisha. Kisha Jumatano Sipho akasema Ijumaa anakwenda kulipia lile kubwa. Alikuwa tayari kuendesha hadi Morogoro bila leseni. Hapo nikamwambia yote.

Kaka, wewe unajua habari za kaka mkubwa wa Sipho. Unajua alichukuliwa na polisi mwaka sabini na sita kwa sababu jirani aliyekuwa akila kwao alikwenda kusema, na hakurudi. Huku msaliti kama yule jirani anaitwa impimpi. Katika nyumba yetu neno hilo halitamkwi hata kwa mzaha. Sipho alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja: nilimpigia mpimaji kabla hajaenda au baada? Nikajibu, kabla. Akasema, "Neno lenyewe unalijua, Melania. Mimi sitalisema." Akainuka, akaenda gereji ya hapa nyumbani kwenye pikipiki yake.

Alhamisi alishinda kwenye pikipiki. Ijumaa alipitiwa na Emery, wakaondoka bila kuniaga, nami nikashinda nimekaa kitandani nikiwa nimevaa viatu.

Jana mchana simu iliita. Alikuwa binti wa yadi ya Randburg, anaomba nakala ya leseni yangu. Nikamwambia amekosea, labda anataka ya mume wangu. Akanisomea fomu ya bima: mmiliki ni Sipho, dereva ni Melania. Gari ni lile dogo.

Nilikwenda gereji ya nyumbani na simu mkononi. Alikuwa ameinama anafuta mnyororo wa pikipiki. Hakugeuka. Akasema, "Jifunze kurudi nyuma na tela kwenye mteremko. Emery anakudanganya pale kwenye uwanja tambarare."

Hilo ndilo neno pekee alilonipa tangu Jumatano. Jumanne ana miadi katika hospitali ya macho, niliyomwombea mimi, na hajasema kama atakwenda. Kama dawa ikiwahi, kilichobaki kinaweza kubaki. Akikupigia, mwache akueleze kwa namna yake, usioneshe kwamba unajua. Na pikipiki bado inakuja. Sijui anawaza nani ataipanda huko Mgeta, na sijathubutu kumuuliza.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, wasalimie majirani wanaonikumbuka, na mtuombee, hasa Jumanne asubuhi. Mungu akipenda tutafika kabla ya mvua za masika. Ukisikia honi nje, toka utuelekeze kuingia, maana geti lenu ni jembamba nami nitakuwa na tela.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Melania