Chemchemi Yangu Yenye Dawa

Jumatano. Jua kali, vumbi, mawingu yanapita juu bila hata kusalimia.

Leo nina haya. Nimeandika hilo neno kwanza nisije nikalizunguka.

Mimi ndiye mlinzi wa paipu ya maji, kutoka tanki la mlimani mpaka soko la Tawa. Miaka kumi na minane. Fundi wa kunishinda hajazaliwa, na sijisifu, ni ukweli. Hao wa diploma wanakuja na ramani wanapotea. Mimi naweka sikio chini nasikia maji yanavujia wapi. Paipu ikipasuka naifunga na mpira wa tyubu ya lori, na kifungo changu kinakaa kuliko chuma cha ofisi. Kusoma nilisoma ngumbaru, kichwa kikiwa na mvi, na darasani nilikuwa namba moja.

Sasa ukweli ule mwingine.

Paipu inapita shambani kwangu. Mwaka ule wa njaa ng'ombe walikuwa wanakufa. Paipu ikavuja, nikaifunga, lakini nikaacha tundu dogo kama la sindano na kuchimba shimo chini yake. Ng'ombe wakanywa. Majirani nikawaambia Mungu amenipa chemchemi. Mvua ilirudi, tundu sikuliziba. Niliona ni uvumbuzi wa akili nyingi, na kila asubuhi nilikuwa nasimama hapo najipongeza.

Mwezi uliopita watoto wa sokoni wakaanza kuhara. Watu wakauliza maji yana nini. Nani wa kuwajibu kama si mimi? Nikaenda mpaka kioski cha Mama Mumbua, mjane anayeuza maji mwisho wa paipu, nikachungulia mitungi yake, nikapaza sauti: "Huyu mama ni mchafu! Maji yangu yanatoka kule juu safi, yeye anayaharibu!"

"Baba Kioko, hii mitungi naiosha na majivu kila siku, uliza mtu yeyote."

"Anza kuosha mikono!"

Watu walicheka. Hicho kicheko nilikifurahia mpaka nyumbani.

Ofisi ya maji ikafunga kioski kwa neno langu. Hata kanisani watu wakaanza kumwachia benchi peke yake.

Jana ofisi ilituma msichana wa maabara, anaitwa Mwende, na kisanduku cha chupa na vidonge. Anakinga maji, anatia kidonge. Maji yakigeuka pinki, ile dawa ya kuua vijidudu bado imo. Yakikaa meupe, dawa imeishia njiani, imemalizwa na uchafu. Nilimwambia mimi sina haja ya vidonge, nina ulimi.

"Basi, Mzee, ulimi utangulie, kidonge kifuate," akasema akicheka.

Tulianza sokoni tukapanda. Mfereji wa sokoni, meupe. Wa shule, meupe. Wa kanisa, meupe. Mimi njia yote ni kuongea tu, habari za miaka yangu kumi na minane. Tukafika mfereji ulio juu ya shamba langu. Maji yakawa pinki kama peremende.

Nikaufunga mfereji haraka.

"Mzee, kati ya hapa na kanisa kuna nini?"

"Ni shamba langu tu."

Tukateremka akaliona shimo. Ng'ombe wawili walikuwa wamesimama ndani, mmoja anakojoa.

"Na haya maji?"

"Chemchemi. Ya Mungu."

Hakubishana. Alikinga chupa pale maji yanapotokea, akatia kidonge. Pinki.

"Mzee," akasema polepole, "kwani Mungu pia anachukua dawa kwa stoo yetu?"

Angenitukana ningemrudishia. Aliuliza kwa heshima, ameinamisha kichwa, na ni wa umri wa mjukuu wangu.

Halafu akanifundisha kitu ambacho miaka yote hii sikukijua. Valvu ya tanki siku hizi tunaifunga kila alasiri, kwa sababu maji yamewekwa ya zamu tangu mwezi uliopita. Wakati huo shimo langu limejaa mpaka limefunika tundu. Paipu inapoisha maji inavuta, kama mtoto anavyovuta ziwa. Inavuta matope, mkojo, kinyesi, yote. Asubuhi valvu inafunguliwa, na huo uchafu unateremka sokoni.

Na anayefungua valvu ni mimi.

Jana hiyo hiyo nilikata kile kipande nikaweka kipya. Hiyo kazi niliifanya vizuri, lazima niseme. Tukaosha paipu yote na dawa kali. Leo asubuhi maji ya sokoni yakatiwa kidonge, yakawa pinki. Kwa ripoti Mwende aliandika paipu ilipasuka, basi. Akaniambia, "Mambo ya kutaja jina nakuachia wewe, Mzee."

Nikapewa ufunguo nikafungue kioski. Njia nzima napanga maneno. Mama Mumbua akatoka mbio, mikono ina unga. Kabla sijafungua mdomo, akaushika mkono wangu na mikono yake yote miwili, akaita majirani: "Mnaona? Baba Kioko alinikasirikia, lakini ndiye amenitetea kwa ofisi. Huyu ni mzee wa haki!"

Nikasema, "Ni kazi tu, mama."

Ni kazi tu!

Na chai yake nikanywa. Vikombe viwili.

Nimetukanwa na mzungu, nimetukanwa na chifu, na marehemu mke wangu naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Hakuna neno lililowahi kuniuma kama hiyo asante.

Naweza kwenda kwake jioni, mlango ukifungwa nimnong'oneze. Ni mtu mwema, atanisamehe, na mambo yataishia hapo hapo kati yetu. Lakini mimi nilipomchafua sikunong'ona.

Kesho ni siku ya soko. Watu watakuja hata kutoka Kilungu. Nitasimama mbele ya ile mitungi, na sauti ile ile, niseme tundu ni la nani na shimo ni la nani. Wacheke mpaka wachoke.

Na asubuhi nikiamka nikasema goti linauma, ni uongo.