Merveille Anauliza: Nije ao Nisikuje?

Maman Bintu wa redio, kama barua hii inakufikia unisomee mbio, juu mutoto wangu iko anangojea jibu, na mimi niko nalo mudomoni siku zote hizi na halitoki.

Niko infirmière, mwenye kuuguza wagonjwa, hapa Kadutu, bwana yangu Papa Adalbert ni professeur wa Kiingereza, na nyumbani kwetu kuna sheria yake ya zamani: siku ya dimanche, tukitoka misa, mezani ni Kiingereza tu, mwenye kuteleza na Swahili anaosha sahani za wote. Mimi nilisoma Kifaransa, Kiingereza hakikunishika, basi walinisamehe, nakula nikinyamaza, watoto wanacheka na baba yao na mimi nacheka nyuma yao bila kujua tunacheka nini. Lakini usimuone mubaya, Maman Bintu. Wakati wa vita tulikimbilia Kampala, akajifunza Kiingereza kwa vitabu vya kuokota, akafundisha watoto wa matajiri, na hicho Kiingereza njo kilitulisha, njo maana akisikia mutu anakichezea anakasirika kama amemwagiwa chakula.

Merveille ni mutoto wetu wa kwanza, alipata bourse ya masomo akaenda Canada, na mwaka huu mbele ya Pasaka alimwandikia baba yake message murefu kwa Kiingereza, juu kwetu maneno mazito na papa yanasemwa kwa Kiingereza. Aliandika kwamba hajisikii mwanaume wala hajisikii mwanamuke, na kule marafiki wakimutaja hawasemi "he" wala "she", wanasema "they", na akamuomba baba yake naye amutaje vile. Adalbert akamujibu kwamba "they" ni ya watu wengi, mutu mumoja hawezi kuwa wengi hata akila namna gani. Merveille akarudisha kwamba Waingereza wenyewe wanaitumia kwa mutu mumoja tangu zamani, wakiwa hawajui ni nani alipita, na dictionnaire za siku hizi zimeiandika. Adalbert akasema basi dictionnaire nazo zimeharibika. Mpaka hapo mimi nilifikiri ni mabishano yao ya kila siku, wanapenda kubishana wale, nikaendelea na kazi zangu.

Sasa sikia chenye alifanya. Alienda kutoa ile message kwenye karatasi kwa imprimante, akakaa na bic rouge, kalamu nyekundu ya kusahihishia, akasahihisha kila "they", akaweka alama, neuf sur vingt, tisa juu ya makumi mbili, chini akaandika arudie, akapiga photo akamutumia mutoto. Ayi, Mungu wangu! Tangu siku ile Merveille hajaongea naye. Na ni Chancelle, mudogo wake, njo alinitafsiria ile karatasi, tukiwa tunachagua maharagi, na kumbe ndani kulikuwa maneno mengine yenye hakuna mutu aliniambia: kwamba mwaka jana huzuni ilimushika mpaka hakutaka tena kuamuka asubuhi. Na pale pale, Maman Bintu, katikati ya maneno hayo, baba yake ameweka virgule nyekundu, kale kamukato ka kupumuzisha sentensi. Virgule! Niliacha maharagi nikaenda kulia kwenye douche, penye tunaogea.

Sasa dote ya Chancelle, siku ya kuleta mahari yake, imekaribia, wageni wengine watatoka mbali kule Kamanyola, na Merveille amenitumia mimi sauti kwenye simu, kwa Swahili: "Maman, nataka kuja. Nitashukia Kigali, nivukie mupaka pale Ruzizi. Lakini papa akinikataa mbele ya wageni, hiyo sitaiweza. Unijibu wewe, hapana papa. Nije ao nisikuje?"

Nilimwambia Adalbert. Alisema aje, mulango iko wazi, lakini kwanza arudie ile copie, ile karatasi yenye alisahihisha, na aombe pardon. Na huyo huyo kila jioni ananiuliza kama réseau ya simu iko bien, kama simu haikulia, anajifanya ni mambo ya courant, ya umeme tu. Nikisema aje, dote inaweza kugeuka fujo na watu wa parokia wapate cha kusema mwaka muzima. Nikisema asikuje, ni mimi mama namufungia. Na Kiingereza sijui, hilo neno lao sijui hata linaonjwa namna gani. Nifanye nini?

Maman mwenye kuchoka, Kadutu

MAMAN BINTU ANAJIBU

Maman, pole. Pole sana. Sasa futa machozi unisikilize vizuri, juu nitakugombeza.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikaangalia tena, na mpaka sasa sijui kama ulimuzaa Merveille mvulana ao musichana. Hukuniambia. Hata hukufikiri kuniambia! Na bado nimemujua mutoto huyo, nimemuonea huruma, ningemufungulia mulango wangu leo. Basi acha kuniambia hujui Kiingereza. Nani amekuomba Kiingereza? Mutoto alikutumia sauti kwa Swahili, akakuuliza aje ao asikuje. Hiyo ndiyo swali yote.

Kuhusu "they" mimi si mwalimu. Niliuliza mwenzangu hapa redio mwenye kusoma habari za Kiingereza, akasema wenyewe kule bado wanagombana: wengine wanasema neno hilo limetumika kwa mutu mumoja tangu mababu zao, wengine wanashikilia kama Papa Adalbert. Wagombane, wako na wakati. Wewe huna. Mutoto aliandika kwamba hakutaka kuamuka, na ninyi wawili mumeyajua, mumoja akasahihisha, mwingine akalia, na tangu Pasaka hakuna hata mumoja amemuuliza: na leo, unataka kuamuka? Infirmière muzima! Mugonjwa akikuambia hivyo kwenye centre de santé, ungeenda kulia kwenye douche?

Umekaa dimanche ngapi mezani kwako mwenyewe ukicheka usichokijua? Ulinyamaza ili amani ikae, nakuelewa, wengi tumefanya hivyo. Lakini kimya chako, mutoto akiwa mbali, anakisikia ni kukataliwa. Hawezi kukuona sura kutoka kule.

Sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi. Watu wa parokia watasema, na wewe mwenyewe kuna mambo ya Merveille hutayaelewa haraka, pengine mengine hutayaelewa kabisa. Mutoto hakukuomba uelewe yote kabla ya dote. Na fujo ya wageni unayoiogopa ni ya siku moja.

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya kuwasha makala ya kupikia, umupigie. Useme "Uje." Usiongeze "lakini". Kisha umuulize wazi, bila kuzunguka: unalala? unakula? ile fikra ya kutoamuka bado inakuja? kuna mutu karibu yako, kuna munganga wa hospitali? Akisema bado inakuja, ubaki naye kwenye simu mpaka ujue nani atakaa naye siku hiyo.

Ukimaliza, nenda kwa bwana yako. Usimuombe ruhusa, umuambie umeshajibu. Mimi sidhani ni mubaya, mutu mwenye kuuliza réseau kila jioni anaumia. Lakini aumie vizuri. Umupe ile karatasi, umuoneshe pale aliweka virgule, na akutafsirie sentensi hiyo moja kwa Swahili, kwa sauti, akikuangalia. Sauti ikimukatikia, usimusaidie. Ngoja tu. Mambo ya copie hayatasemwa tena nyumbani kwako, na hilo ni wewe utalisema, mezani, kwa Swahili.

Siku ya kufika uende Ruzizi wewe mwenyewe. Usitume chauffeur, usitume Chancelle. Papa Adalbert akikubali kuja, aksanti Mungu. Akikataa, mutoto akute mama.

Na kama unanisikiliza sasa hivi, maman, na bado hujamujibu, zima hii redio. Mimi utanikuta hapa kesho. Mutoto wako, hiyo siwezi kukuahidi.